Bosi Amekataa Kukaa Sakafuni

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni ofisini. Sijui kama kesho nina kazi.

Si leo tulicheza mpira wa wavu wa kukaa na ile timu ya wenye ulemavu? Wavu uko chini, kila mchezaji makalio sakafuni. Ukiyainua wakati unapiga mpira, umefanya kosa. Basi.

Bosi akakataa. AKAKATAA! Eti, "Mtu wa cheo changu hakai sakafuni." Akaagiza kiti chake cha ofisini, kile cha magurudumu. Na nani alikisukuma hadi ukumbini mbele ya wageni? Mimi, katibu wake!

Mwamuzi akapuliza filimbi: "Mzee, kiti hakiruhusiwi." Bosi kanuna, kang'ang'ania kiti kama kaota mizizi.

Ndipo nahodha wao, yule fundi viatu mwenye mguu mmoja, akasema kwa upole kabisa: "Mwachie kiti chake, ndugu mwamuzi. Sisi wazima tutakaa chini."

SISI WAZIMA! Wewe! Ukumbi mzima ukageuka kumtazama bosi.

Halafu mtu mmoja akaangua kicheko.

Mwenzangu, mtu huyo ni mimi. Na mikono yangu bado ilikuwa kwenye kiti.