Moyo ya Gerbera Ibakie Inje

Mama Joëlle,

Nishaenda mu safari, kule Buluo. Naandika juu muntu hagombezake bukwe wake na kinywa.

Leo asubui ulifunika gerbera yangu na udongo mpaka pa moyo, pale majani inatokeaka, ukaimwangia ndoo muzima ya maji. Ile maua inavumiliaka jua. Maji pa moyo njo inaiozesha! Toa ule udongo na vidole, hapana na jembe. ~~Mwangia kiloko tu.~~ Hapana, usimwangie kitu mpaka nirudie.

Tena unaniambia: «Papa, maua inaomba muntu wa kubakia pa nyumba, hapana mutembezi.»

Mama! Miye nilitembea Kolwezi, Kipushi, mpaka Kasumbalesa. Ile gerbera njo kitu ya kwanza nilipanda nikabakia mpaka ikatoa maua.

Bukwe yako,
baba ya Bertin, bwana yako