Mama Niliyemtunga Kwenye Fomu

Jumanne. Mawingu yamelala juu ya ziwa Mweru tangu asubuhi; mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Na mimi niko hivyo hivyo.

Nimechaguliwa. Barua pepe imeingia saa nne, nikiwa kwenye redio yetu ndogo hapa Nchelenge, upande wa Zambia. Katika wote walioomba ule ufadhili wa waandishi wa habari, miezi sita ya mafunzo Lusaka, wamebaki wachache na mimi nimo. Alhamisi watanipigia simu ya usaili. Wanasema habari ya mama yangu imewagusa sana, wangependa kusikia zaidi juu yake.

Hapo nikaifunga barua kabla sijaimaliza.

Maana mama huyo nilimtunga.

Bon, haya basi, niseme ukweli, angalau hapa. Fomu iliuliza nini kilinisukuma kwenye kazi hii. Chola, mtangazaji mwenzangu aliyewahi kupata nafasi kama hiyo, alinishauri kwamba wale wasomaji wanapitia maombi mengi mno, kwa hiyo aya ya kwanza iwatoe machozi. Eti sisi tuliotoka Kongo machozi tunayo tayari, niyatumie tu. Nilicheka. Kisha nikaketi, nikaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba mama yangu, tangu avuke ziwa akinibeba mgongoni, hasemi na mtu, hajui kusoma, anashinda ufukweni akitazama ng'ambo na kulia. Nikamalizia: mimi ndiye sauti yake.

Sauti yake, mimi! Mama anayemaliza Biblia ya Kiswahili kila mwaka na kuianza upya. Mtumbwi ukifika kutoka Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, yeye ndiye wa kwanza kuufikia, na kabla hajanunua hata samaki mmoja ameshauliza nani mgonjwa, nani amezaa, askari wa uvuvi wameonekana wapi, chisense, wale dagaa wa ziwa letu, wamepatikana au hawakupatikana. Jioni ananiletea yote hayo. Nusu ya kipindi changu cha Kiswahili inatoka mdomoni mwake. Swali la fomu lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa linanipikia bukari, ugali wetu, kila siku.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi.

Jumamosi moja mwezi uliopita, kabla sijatuma, mama aliwaita wamama wa maombi. Kwetu karatasi kubwa haiondoki bila kuombewa, na siku hizi karatasi ni simu. Wakaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Kiongozi wao akanizuia, akataka nisome kwanza, kwa sababu wao hawaombei kitu wasichokijua. Nikasoma, nikitafsiri njiani. Nilipofika kwenye aya ile nikairuka, nikabuni papo hapo maneno matamu juu ya ziwa. Wakaweka mikono, wakaomba mpaka jasho, na amina ya mama ilikuwa na nguvu kuliko zote.

Wenzake walipotoka, alikunja kile kitambaa polepole.

"Na miye? Haukunitia mule?"

Nikamjibu kwamba nafasi haikutosha. Akasema haina neno. Nilikuwa bado na siku mbili nzima za kurekebisha kabla ya siku ya mwisho ya kutuma fomu. Nikatuma kabla hajamaliza kurudisha viti vya jirani, ili moyo usije ukanigeuka.

Leo nilipotoka redioni habari njema ilikuwa imeshafika sokoni. Nilimpigia mama simu asubuhi, na ameitangaza mwenyewe. Nimemkuta ufukweni akichambua samaki, wenzake wakinipongeza, mmoja akinichezea mabega kwa furaha. Sikuweza kuvumilia. Nimemvuta kando na beseni lake, nikamsomea aya ile yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini. Ule mama anaishi wapi?"

"Ni weye, mama."

Akaokota samaki mwingine.

"Hapana. Miye niko hapa."

Mtumbwi ulikuwa unaingia. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda kuuliza habari zake.

Afadhali angenitukana. Matusi ya mama nayajua, yanaisha kabla chakula hakijaiva. Hili sijui linaishaje. Nimejiona mjanja mbele ya watu nisiowajua, na mtu aliyenifundisha kuuliza maswali nimemfanya bubu ili nipate kwenda kusomea kuuliza maswali.

Kila jioni huwa anasimama mlangoni kwangu kunipa habari za mitumbwi kabla hata ya kuvua viatu. Leo amenisalimia, akapita. Ninasikia sufuria jikoni. Kipindi changu cha kesho hakina habari hata moja.

Alhamisi nitawaambia kwamba yule mama waliyemsoma hayupo, kisha waamue wanavyotaka. Wakikata simu, nimeyataka mwenyewe. Lakini kabla ya Alhamisi kuna kesho. Nitashuka ufukweni na daftari langu, ningoje amalize na mitumbwi yake, nimuulize swali ambalo sijawahi kumuuliza katika miaka yote hii ya kuhoji watu wengine: mama, siku ile ulipovuka na mimi, ilikuwaje?

Sijui kama atanijibu.