Mvua Uliyoisoma Nyuma ya Ndege

Baba,

Leo ndege ya kwenda Ulaya imepita juu ya Kakamega, nami nimesimama mlangoni mwa ofisi na faili mkononi. Imeacha mstari wake mweupe, nao haukufutika. Umekaa, ukapanuka, ukawa kama pamba iliyochambuliwa. Nikajikuta nasema maneno yako: "Ikikaa, inaletanga maji." Tarishi akaniuliza, "Unaongea na nani, Karani?" Nikamwambia nasoma faili.

Ndivyo nilivyo bado. Mwoga.

Tangu tukuzike, bendera imebadilika, na kiti cha Bwana Kilimo, mkubwa wa ofisi yetu, kimekaliwa na mtu mweusi kama sisi. Huko nyumbani Khwisero ni yale yale. Mama akienda kwa jirani kuomba moto anaambiwa umezimika, na huku moshi anauona unatoka paani. Vijana wakikutana nami njiani wanacheka: "Karani, mzee wako alifunga mfereji wa mvua kabla ya kwenda?"

Nakumbuka siku uliponifundisha, wewe ambaye hukujua kuandika hata jina lako. Tulikuwa tunapalilia. Uliegemea jembe ukanionyesha: mstari ukifutika upesi nyuma ya ndege, jua litaendelea, ukikaa na kupanuka, kesho au keshokutwa ni mvua. Nilicheka. Kisha nikakumbuka somo la shule, nikakueleza kwamba ule si moshi. Ni mvuke wa injini unaoganda kuwa barafu kwenye baridi ya huko juu. Hewa kavu huumeza; hewa yenye unyevu huuacha ukae. Ulifurahi sana. "Kumbe mwalimu wako naye anatazamanga juu!"

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Agosti ile kabla ya bendera, Bwana Kilimo wa wakati huo aliamuru kila nyumba ianike mahindi uwanjani ili ayakague. Wewe ukaona mstari umekaa. Ukanituma: "Mwambie mkubwa wako angoje siku mbili." Nilifika mlangoni pake, nikamsikia akigombeza mtu ndani, nikarudi mezani kwangu. Wewe ukapita nyumba kwa nyumba ukiwaonya watu, wakakucheka. Kesho yake mvua ilinyesha mchana kutwa. Mahindi ya watu yakalowa, yakaoza. Yetu tu ndiyo yaliyokuwa ghalani.

Nilitumwa kuandika mambo ya baraza aliloliita Chifu juu ya mahindi hayo. Watu walisimama mmoja mmoja. "Alijuaje? Ni yeye ameileta!" Chifu akanigeukia. "Karani, wewe umesoma. Mtu anaweza kuijua mvua kwa kutazama ndege?"

Nikasema, "Sijui, Chifu."

Hukuniangalia. Ulitazama miguu yako. Nami nikainama nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mzee huyu anashukiwa kuleta mvua. Jina lako, Baba, nililiandika bila kosa hata moja.

Nina uchungu na watu wale. Walikula kwako. Ulipougua kifua hakuna aliyekuja kusaidia; mimi na Mama tulikusukuma kwa baiskeli hadi hospitali ya Mukumu, na kila tulipopita, watu waliingia ndani. Matangani tulikuwa saba. Saba, Baba, na wewe hukuwahi kukosa msiba wa mtu.

Lakini wao hawakusoma. Mimi nilisoma kwa ng'ombe wako.

Alhamisi kuna baraza tena, na Chifu ni yule yule. Nitaomba kusema. Nitawaeleza ulichokiona na jinsi ulivyokiona, kisha nitasema kwamba siku ile nilikuwa najua. Huenda nikaachishwa kazi. Huenda Chifu akanifokea mbele ya Mama. Hata hivyo nitasema.

Lala, Baba. Usinisamehe bado. Ngoja kwanza niseme.

Mwanao