Saa ya Rahu Iliyotoka Leicester

Mtaa wa Wafua Shaba,
Kumbakonam.
11 Januari 1996

Mpendwa mdogo wangu Varadan,

Pokea salamu za kaka yako. Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Shemeji na mtoto wazima? Sisi tunapumua, na kwa yaliyotupata juzi hilo si jambo dogo.

Ile kalenda ya hekalu la kwenu Leicester uliyotutumia niliitundika barazani. Mtaa mzima unajua: niliishia darasa la pili, lakini kwa kusoma kalenda hakuna karani wa kunishinda. Saa mbaya ya Rahu, lile zimwi limezalo jua, sivuki kizingiti, ndiyo maana nina miaka sabini na sita na meno yangu yote.

Jumanne, saa nane mchana, mkamwana wetu Alamelu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe yuko Nagpur na lori. Nikasoma kalenda yako: Rahu, saa nane na dakika kumi mpaka saa tisa na dakika kumi. Teksi ilipofika nikaketi mlangoni. Hatoki mtu!

Shemeji yako Kuppammal akanipandishia sauti.

"Mzee, uchungu hausomi kalenda! Ondoa hayo magoti mlangoni!"

"Magoti haya yamekulea miaka hamsini. Tulia."

Alamelu alikuwa akiuma upindo wa sari. Karibu saa nzima, Varadan.

Tulifika hospitali saa tisa na nusu. Daktari, binti mdogo tu, akanifokea.

"Babu, mlikuwa wapi? Mtoto anachoka tumboni. Tia sahihi hapa tumpasue mama sasa hivi."

Kuinua macho, naona ukutani kalenda ya hapa kwetu. Jumanne, Rahu: saa tisa mpaka saa kumi na nusu. Saa hizo hupimwa kwa mawio na machweo, na jua la kwenu kipindi cha baridi ni mvivu, huchelewa kuchomoza na huwahi kutua. Basi nilimfungia mwanangu ndani saa njema, nikamtoa Rahu alipokwisha fungua mdomo.

"Nipe mpaka kumi na nusu," nikamwambia daktari.

"Kumi na nusu utasaini karatasi ya maiti."

Kuppammal akanishikisha kalamu. Mimi, ambaye hata chumvi sinunui saa ya Rahu, nikaandika jina langu. Herufi ni za darasa la pili, ila zinasomeka.

Amezaliwa msichana, saa kumi na dakika tano. Hakulia. Wakamsugua mgongo, kimya. Wakamsugua tena, ndipo tukamsikia. Mama yake ni dhaifu, lakini uji anakunywa.

Sasa jamaa wananishikilia nimwambie mnajimu amezaliwa kumi na dakika thelathini na tano, eti asije akakosa mume. Nimekataa. Nimeandika kumi na dakika tano. Mchumba atakayeiogopa saa hiyo aje kwanza anikabili mimi niliyetia sahihi.

Usijilaumu kwa kalenda. Macho yalikuwa yangu. Wasalimie shemeji Rukmini na mwanao Murali. Kuppammal na Alamelu wanakusalimu. Bwana Narayana awalinde saa zote, njema na mbaya.

Kaka yako akupendaye,
Rangasami