Namba Tatu Ilikuwa Yangu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu, nyingi kuliko mashuka unayoyapiga pasi hapo hospitalini wiki nzima. Natumaini mgongo umetulia, na watoto wanakusumbua kama kawaida, maana wakinyamaza ndipo uanze kuogopa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na uzuri wangu bado unawapa majirani shida. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Soma tu, sababu utaikuta huko chini. Na mwandiko usiucheke. Shule na mimi tuliachana mapema, kila mmoja akashukuru.

Nianze na usaili wa ghala la rangi, ule ulioninyooshea shati. Kwenye simu nilikwambia mambo yalikwenda vizuri, nikakata kwa kisingizio cha chaji. Chaji ilikuwepo. Sasa nakupa habari nzima.

Nilifika mapema, mtu wa tatu. Wanaosailiwa wanakaa kwenye korido ndefu yenye benchi mbili, na harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, inayokutoa kamasi hata kama huna mafua. Mwisho wa korido kuna mlango wa bluu, na kando ya mlango meza ya karani, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanipa kikaratasi cha namba tatu, akaniambia nikae nisubiri kuitwa. Nafasi ni moja tu, msaidizi wa mtunza stoo.

Namba moja akaingia, akatoka. Namba mbili akaingia. Hapo, dada, nikaanza kuuhesabu ule mlango. Viganja vikalowa mpaka kikaratasi kikalegea. Nilijaribu ule ushauri wako wa kuvuta pumzi taratibu, nikavuta tina tupu, nikakohoa watu wote wakanigeukia. Kugeukiwa ndiko hasa kulikokuwa kunaniua. Karani alipoita namba tatu, nilimwona kijana mrefu aliyekaa kando yangu akitazama saa kila mara, nikamwambia kwa upole kwamba naona ana haraka, basi tubadilishane, yeye ashike tatu mimi nishike yake ya nne. Akanishukuru kama nimemtolea figo. Akaingia.

Ilipoitwa nne nikampa mama mjamzito, maana hakuna anayeweza kulaumu hilo. Tano nikampa mzee aliyekuwa dereva. Baada ya hapo sikuhitaji tena sababu, nilikuwa nagawa tu. Watu waliokuja baadaye waliponiona nashika vikaratasi na kusema huyu atangulie, yule asubiri, wakadhani ni mtu wa ofisi. Wakaniuliza choo kiko wapi, nikawaonyesha. Mmoja akanipa barua zake nizikague, nikamwambia zimekaa vizuri ila azitoe kwenye mfuko wa mkate.

Na kila aliyetoka nilimuuliza ameulizwa nini. Nikajua kwamba wanauliza rangi ya mafuta na rangi ya maji zinapangwaje, na mteja akirudisha ndoo iliyokwisha kufunguliwa utafanyaje. Nikawafundisha waliobaki. Unanijua, kwa kufundisha nisichokijua sina mpinzani. Korido nzima ilikuwa inacheka na mimi. Wale walikuwa wanaogopa kuliko mimi, na mtu anayeogopa kuliko mimi naweza kuongea naye mpaka jua lizame.

Basi zikaisha. Nikabaki na kumi na nne, peke yangu kwenye benchi mbili. Karani akanitazama juu ya ile miwani ya uzi, akasema kwamba sasa hakuna tena wa kumpisha, labda nimpishe yeye. Nikaingia, kwa sababu kutoka ilibidi nitembee korido nzima akinitazama.

Ndani kuna meza, meneja, na msaidizi wake anayeandika. Meneja ni mwanamke wa makamo, ana doa la rangi nyeupe kwenye kiwiko na hajali. Majibu yote nilikuwa nayo kichwani, ya ndoo, ya mafuta, ya maji. Akaniuliza jina langu.

Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wanauliza. Dada, jina langu lilikataa kutoka. Nikakodolea macho kadi ya rangi ukutani kana kwamba nimeandikwa humo. Mwisho nikamwambia kwamba ndoo iliyofunguliwa hairudishwi. Msaidizi akaacha kuandika.

Meneja hakucheka. Aliniuliza imekuwaje sauti yangu ilikuwa inapenya mlango asubuhi nzima, na sasa imekwenda wapi. Akauliza pia kwa nini kwenye orodha ya karani mimi ni namba tatu na nimeingia wa mwisho. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa mama mjamzito. Likatoka jingine, neno moja tu, kwamba niliogopa. Akauliza kama bado naogopa. Nikasema ndiyo, sana. Akasema basi tuendelee hivyo hivyo, nami nisijisumbue kumtazama. Nikamjibu maswali yake yote nikiitazama kadi ya rangi. Jina nililitaja la mwisho, tayari nimesimama. Akaniambia niache namba ya simu. Huenda kila mtu anaambiwa hivyo.

Kazi amepata yule kijana mrefu, nimemwona juzi getini amevaa ovaroli. Yaani kazi imekwenda kwa namba tatu, na namba tatu ilikuwa yangu, kwa hiyo kwa hesabu zangu kazi nimepata, ila anaifanya mtu mwingine.

Sasa lile la chini. Kaa kitako.

Kiwanda cha magodoro na lile duka la vipuri, alikonitafutia kazi mjomba mwaka jana, nilikwambia walinikataa, kwamba nafasi walipewa watoto wa wakubwa na mjomba hana neno linalosikika mahali. Si kweli. Sikuingia kote kuwili. Kiwandani nilifika getini, nikamwona mlinzi ananitazama, nikapitiliza kama mtu anayekwenda kwingine. Dukani nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka wakafunga. Mjomba alikuwa amesema na watu wake, walikuwa wananisubiri, wakamwona yeye ndiye mwongo. Nawe ukaenda kumwambia mbele ya mkewe kwamba ni mtu wa maneno matupu. Sasa ni miezi minane hamsalimiani, naye hajakwambia kitu. Nadhani alijua, akanisitiri.

Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi wangu niliukimbiza, nikawaacha ninyi wawili mkinyonyoana manyoya. Simu nisingeweza, kwa sababu ungenyamaza, na kunyamaza kwako nakujua. Kwenye barua nimeweza kumaliza sentensi.

Jumapili nitakwenda kwa mjomba. Tafadhali usinitangulie kumwambia, hata kama mkono unakuwasha. Nataka nimpe shikamoo yake, halafu hilo, kabla sijakaribishwa kiti. Ukisikia nimeonekana nimesimama nje ya mlango wake saa nzima, usije kunisukuma. Nitabisha hodi.

Wasalimie watoto, mwambie mkubwa aache kuvaa viatu vyangu. Shemeji mpe heshima zake zote, hata zile asizostahili. Na wewe, ukimaliza kukasirika, kula.

Ni mimi mdogo wako, asiye na kazi ila mwenye sura,

Redio