Maji ya Sekela

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Itumba hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, ila kelele zake ziko palepale, na viazi mwaka huu vimekubali.

Umeniuliza, wewe mwanafunzi wa unesi, kwa nini mgonjwa wa Ukimwi huharisha miezi na miezi wakati wenzake nyumbani ni wazima. Nimemkumbuka mdogo wangu Sekela, aliyekuwa akiuza vitenge Tunduma na kuwachekesha Wazambia kwa Kibemba chake kibovu. Alirudi kwangu anaumwa, dawa za siku hizi zikiwa bado hazijafika. Nesi aliniagiza nimchemshie maji, nikachemsha kila siku. Tumbo halikukoma.

Siku moja nesi akanikuta namimina kikombe cha maji mabichi ya kisima kutoka mtungini kwenye yale ya moto.

"Dada, unafanya nini?"

"Nayapoza. Anayapenda baridi."

Akanishika mkono. "Vijidudu vya kisimani mwili wako unavishinda. Wake hauna tena nguvu hiyo."

Tangu hapo nilingoja yapoe yenyewe, na Sekela akapata wiki kadhaa za kucheka tena.

Ukimkuta wodini mama wa namna yangu, usimkaripie. Muulize tu maji ya mgonjwa anayapozaje.

Bibi yako