Nilisema ni vya Somoe

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeokota korosho tangu asubuhi, akili haipo. Zahanati hapa Mnyambe hawana sindano ya uzazi wa mpango, mwezi wa pili sasa. Na jana mume wangu, Baba Somoe, karudi kutoka Nanganga. Uzazi wa mwisho nilimwaga damu hadi nikasomewa Yasini. Nesi alisema ukibeba mimba nyingine, unaacha yatima. Naogopa.

Jumanne, 7 Oktoba
Masasi, kutafuta vidonge vya kuzuia mimba isishike. Newala sikutaka, wananijua. Muuzaji wa dawa mtu wa bara, kanitazama kutoka ushungi hadi kandambili. "Shikamoo mama. Vya nani?" Nikasema vya binti yangu. Ulimi huu! "Mbona hakuja?" Nikasema anaona haya. Akacheka: "Na haya hiyo juzi aliiacha wapi?" Vidonge viwili. Kimoja nimemeza stendi, cha pili nyumbani.
Kwenye benchi la duka alikaa mwanamke kajifunika kanga mpaka puani. Alinitazama sana, sikumpenda.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kichefuchefu. Ni dawa au chaki? Siku hizi kila mwenye kibanda anauza dawa.
Kisimani wameinamia ndoo zao nilipofika. Mama Hadija kaniuliza, "Somoe hajambo?" Mara mbili. Kwa nini mara mbili?

Jumapili, 12 Oktoba
Yule wa benchi, kumbe ni shangazi yake Salumu, mchumba wa binti yangu Somoe. Leo wamemtuma kungwi aliyemcheza Somoe unyagoni. "Mama Somoe, wenye mwana wanauliza, huyu tulimfunda nini?" Wanataka kuvunja posa.
Somoe kalia hadi sauti imekauka. Anadhani kasingiziwa na watu. Hajui ni mimi. Ee Mola.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimefunga. Nimemwambia Somoe kwanza, akainuka akatoka. Kisha nikaenda kwa akina Salumu na mume wangu. Nikasema vilikuwa vyangu.
Shangazi akapiga makofi kwa dhihaka. "Mama huyu! Angeweza angembebea mwanawe hata mimba." Hawakuamini. Nikatoa kadi yangu ya sindano, nikaiweka mkekani. Kungwi akaisoma tarehe moja moja, mpaka ile iliyopita bila sindano.
Shangazi akasema watamwachia Salumu aamue.
Njia nzima Baba Somoe kanitangulia mbali. Ataniacha, naona.

Ijumaa, 24 Oktoba
Damu ya mwezi imekuja. Alhamdulillahi.
Nesi kanidokeza kwamba Baba Somoe kapita zahanati kuulizia sindano. Mwenyewe hajaniambia. Sijamuuliza.
Jioni Somoe kaniletea taa, kakaa karibu yangu. Nimemwandikia Salumu huko Chiungutwa anakofundisha. Hujambo mwanangu, sisi wazima, kosa ni langu peke yangu. Mwisho Somoe akaniomba kalamu, akaongeza mwenyewe: tafadhali jibu upesi.